Gari Lisilowaka Asubuhi

Mkwe wangu alipopata mimba ya tano, wale wa kliniki walimwambia neno ambalo alirudi nalo nyumbani akalitua mezani kama mzigo wa kuni: huyu hazaliwi nyumbani. Alishapasuliwa mara mbili huko nyuma, na kovu limekuwa jembamba. Uchungu ukianza, awe ameshafika hospitali ya mjini Njombe au awe tayari ndani ya gari. Akichelewa kovu litaachia, na watakwenda wote wawili, mama na mtoto.

Sisi tunakaa bondeni, upande wa Kifanya, ndani kabisa ya misonobari, mahali ambapo lami unaijua kwa kusikia malori yakinguruma huko juu. Kiangazi bodaboda inafika mlangoni. Masika hata mbuzi anashuka kwa makalio. Mimba ya nne ilipotelea kwenye matope hayo hayo. Tulimpakia mkwe wangu kwenye bodaboda, mimi nyuma yake nimemkumbatia, pikipiki ikateleza kwenye kona, tukaanguka wote watatu, na mtoto wa kiume akazaliwa pembeni mwa njia akiwa ameshakwenda. Nilimfunga kwenye kitenge changu. Nilirudi naye mikononi na sikukubali mtu mwingine ambebe.

Kwa hiyo safari hii hatukujadili kama tununue gari au tusinunue. Tulijadili gari gani. Mwanangu, huyu kitinda mimba ninayekaa naye, aliuza misonobari aliyopanda marehemu baba yake. Siku misumeno ya chenso ilipoingia shambani nilijifungia jikoni nikamenya viazi ambavyo hakuna aliyekuwa na njaa ya kuvila. Mume wangu alipanda ile miti akisema itatuzika sisi wawili kwa heshima. Basi, nikamwambia huko aliko, miti yako inakwenda kuzaa kwanza, kuzika kutasubiri.

Kila mtu alikuwa na gari lake kichwani. Mwanangu alitaka pikapu, aongeze na biashara ya kubeba parachichi. Mkwe wangu alitaka gari la kufunikwa, maana ndani ya nyumba kuna watoto wake watatu, kuna wawili aliowaacha binti yangu alipofariki, na kuna huyu wa tumboni, na hakutaka hata mmoja anyeshewe kwenye bodi kama gunia. Wajukuu walitaka lenye redio. Mimi nimeishia darasa la nne, injini siijui, lakini kupanda kitu na kushuka nakujua. Nikasema nataka gari linaloshika matope kwa miguu yote minne, linalotubeba wote, na ambalo mwanamke mwenye tumbo anaweza kuliingia bila kuinuliwa kama maiti. Zaidi ya hapo wachague rangi.

Fundi wetu wa Njombe mjini alikuwa amefiwa, yuko msibani kwao, na mvua haikuwa na habari na msiba wa mtu. Tukaenda Makambako bila yeye, mimi na mwanangu. Makambako ndipo njia zinapokutana, na penye njia panda magari hayakosekani wala waongo.

Dalali alitupokea kwa kunishika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa kijana mnene mwenye sauti ya kwaya. Upepo wa Makambako ulikuwa unapuliza ule wa kuingia kwenye mifupa, nami nilikuwa nimevaa sweta mbili na kujifunga shuka la kimasai, bado meno yanagongana.

Gari la kwanza liling'aa kama sufuria ya arusi. Viti vya kutosha, redio ipo, kioo cha nyuma kinajifuta chenyewe. Dalali akaniambia, "Bibi, hili linapanda mti."

Nikamwambia, "Miti tumeshaikata. Sisi tunataka lipande matope."

Akacheka, akaapa kwamba ni fo-wili kamili. Mwanangu akalala chini kwenye changarawe akachungulia. Alipoinuka alikuwa na uso wa mtu aliyefunua chungu akakuta maji matupu. Difu ya mbele haipo. Miguu inayosukuma ni miwili tu, ile mingine inafuata kama wageni wa arusi. Dalali akasema ah, hata yeye alidanganywa, akatupeleka kwingine bila kuona haya hata kidogo.

La pili lilikuwa pikapu ya milango minne, kitu cha kazi kweli, difu zote mbili, tairi zina meno. Mwanangu alilizunguka kama dume la bata. Nikamwambia asimame kwanza, nipande. Nilipanda kwa niaba ya tumbo la mkwe wangu. Nikaweka mguu, goti likakataa. Nikajaribu kwa upande, nikashika mlango, nikabaki nimening'inia nusu ndani nusu nje, dalali ananisukuma kwa kiwiko kwa kuwa aliona aibu kunisukuma kwa kiganja. Nikashuka.

"Mama, mchagua jembe si mkulima," mwanangu akasema. Alikuwa amelipenda.

"Mkulima hapa ni nani?" nikamuuliza. "Wewe utakayeshika usukani, au yule atakayepanda na uchungu?"

Alifunga mlango wa ile pikapu taratibu, kama anafunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

La tatu lilikuwa nyumbani kwa mwenyewe, nje kidogo ya mji. Lilikuwa gari refu la mraba, jeupe lililogeuka rangi ya maziwa ya jana, lina ngazi ya chuma ubavuni na mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Nilipanda bila kushikwa. Nikakaa. Nikahesabu wajukuu kwa macho, huyu hapa, huyu hapa, na mimi kona ile na mtoto mchanga. Tukatosha. Karibu na gia kulikuwa na kigingi kingine kifupi, ndicho cha kuunganisha miguu ya mbele. Mwanangu akalala chini tena, na safari hii aliinuka anatabasamu.

Sasa niseme jinsi tulivyoibiwa macho yakiwa wazi, kwa sababu sidhani kama mtu wa Dar angeibiwa namna ile. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, pua inatazama chini. Kwetu hilo si jambo. Nchi nzima ya Njombe ni kupanda na kushuka, kila mwenye gari analilaza kwenye mteremko, asubuhi likikataa kwa baridi aliachie lijiendee. Mtu haulizwi hilo, kama asivyoulizwa kwa nini paa lake limelala upande. Na boneti ilikuwa ya moto. Mwenye gari alikuwa ametuambia kwamba halijatoka tangu wiki iliyopita, akatuambia akiwa amesimama hapo hapo, na sisi hapo hapo tumeweka mikono juu ya boneti, mimi na mwanangu na dalali, tunaota. Nilijisikia vizuri, vidole vikarudi kuwa vyangu. Nakumbuka nilimsifu. Nilisema gari hili lina roho nzuri. Hakuna aliyejiuliza joto limetoka wapi. Mtu wa baridi akikuta moto haulizi nani kauwasha, anasogeza mikono.

Likawashwa, likanguruma mara moja tu. Mwanangu akalipeleka kwenye mtaro uliojaa maji, akalivutia kigingi kile, likatoka linapumua kama dume la ng'ombe. Tukalinunua. Pesa ya miti iliingia yote humo, na tulirudi Njombe jua bado lipo, mimi nimekaa mbele, watoto wa barabarani wananipungia wakidhani nimeolewa na mzungu.

Jioni ile nyumbani kulikuwa na furaha ambayo hata sasa inaniuma kuikumbuka. Mzee wa usharika alikuja kuliombea. Mkwe wangu alipanda ngazi ile polepole, akakaa kwenye benchi, mikono juu ya tumbo, akasema, "Mama, hapa naweza hata kulala." Wajukuu wakakataa kushuka mpaka chakula kikapoa.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa umekaa bondeni mpaka kwenye madirisha. Mwanangu akazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likakohoa, likanyamaza. Akazungusha tena. Kule kukohoa kukawa kunapungua kila mara, kama mtu anayekata roho, na mwishowe kukabaki mlio mdogo wa chuma. Mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Sikumtazama.

Tulilisukuma uwanjani mpaka matope yakatufika magotini. Bondeni hakuna mteremko, ndiyo maana pakaitwa bonde, ukisukuma unasukuma kuelekea mtoni. Mwisho jirani akaleta jiko la mkaa tukaliweka chini ya injini, tukalichochea kama tunachemsha pombe, na adhuhuri gari likawaka na moshi mweusi uliofukuza kuku. Likikaa moto linawaka vizuri tu. Likipoa limekufa.

Fundi aliporudi kutoka msibani alikuja kulitazama. Alifungua, akasikiliza, akafunga. Alisema injini imechoka, pumzi imekwisha, ikiwa baridi haiwezi kujishtua yenyewe mpaka iteremke. Dawa yake ni kuifungua yote na kuijenga upya, kazi ya wiki nyingi na vipuri vya kuagiza. Halafu akauliza kama siku tuliyolinunua injini ilikuwa baridi au moto. Mimi na mwanangu tukatazamana, na wote wawili tukaficha mikono.

Tukampigia aliyetuuzia. Akasema aliuza gari likiwaka, na sisi ni mashahidi. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Tukampigia dalali, nikampa maneno mazito ambayo mwanamke wa usharika hapaswi kuwa nayo kinywani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kwaya, "Bibi, mimi ni dalali. Mimi si injini."

Miti imekwisha, pesa imekwisha, na mvua ndiyo kwanza inakolea. Magari ya kukodi yalikuwa hayashuki bondeni masika, hata umwahidi nini mwenye gari. Wanawake wa usharika walitupatia chumba mjini, karibu na hospitali, ambapo mkwe wangu angekwenda kungojea siku zake, lakini chumba kingekuwa wazi Jumatatu. Ilikuwa katikati ya wiki, na tumbo lilikuwa limeshashuka. Nilimwona anatembea ameshika kiuno, nikajua kwamba Jumatatu ni mbali.

Mteremko mzuri upo mmoja tu kwetu. Uko juu kwenye kilima, unaanzia kwenye uwanja wa wifi yangu na kushuka mpaka kwenye daraja la magogo, halafu njia inapanda tena kwenda lami. Gari likilala pale lina nafasi ya kushtuka kabla ya daraja. Shida ilikuwa huyo wifi.

Ni dada wa marehemu mume wangu. Aliolewa na Mkatoliki wa kule misheni, akafiwa, akarudi kujenga kilimani kwao. Tulipogawa nguo za kaka yake baada ya msiba, yeye kama dada alilitegemea koti kubwa la sufu. Mimi nilimpa mwanangu. Wifi alisema mbele ya watu kwamba nimemvua kaka yake kabla hajapoa. Tangu siku hiyo tukikutana njiani kila mmoja alikuwa anatazama mahindi. Sikuwa tayari kumsalimia kwanza. Ningeweza kufa bila kumsalimia na ningekufa nimenyooka.

Nilipanda kilima kile Alhamisi. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile inayolowesha bila kelele. Mwanangu alikuwa ametangulia na gari, likiwaka bado kwa moto wa jiko, akawa anasubiri nje ya uzio amevaa lile koti. Hakuwa na lingine la baridi.

Wifi alitoka akasimama chini ya upenu. Mimi alinibakiza kwenye manyunyu.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene." Akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Leo bonde limepanda mlima. Na naona koti la kaka yangu limejifunza udereva."

Nikamweleza habari ya gari, nikajitahidi nisionekane mjinga, na hakuna namna ya kueleza habari ile usionekane mjinga. Nikamwomba nafasi ya kulaza gari uwanjani kwake mpaka Jumatatu.

"Unaniomba nafasi ya gari," akasema.

"Ndiyo, wifi."

"Gari ndilo linalozaa?"

Alijua nilichokuja nacho na alijua nimekificha wapi. Gari likilala kilimani na mwenye tumbo akilala bondeni, kuna ile njia ya kupanda katikati, na njia ile ndiyo iliyokula mjukuu wangu. Nilikuwa nimepanga kwamba tutambeba kwa machela. Nilikuwa nimepanga chochote kile kisichopita mdomoni mwangu kwenda masikioni mwa mwanamke yule.

"Sema vizuri unachotaka, wifi," akaniambia. "Mimi ni mzee, vitu vya nusu sivisikii."

Mwanangu alikuwa anatusikia pale kwenye uzio. Injini ilikuwa inanguruma. Nikasema, "Naomba umlaze mkwe wangu kwako. Naomba na mimi nilale, niwe naye. Akifa huyu, wifi, mimi sirudi tena bondeni."

Alisukuma mlango wake ukafunguka. Halafu akasema niingie, nalowesha uwanja wake. Hakusema tumesameheana, na mimi sikusema. Mwanangu akashuka bondeni kabla gari halijapoa, akamleta mkewe, akalilaza kwenye mteremko. Wifi alitandika kitanda chake mwenyewe kwa ajili ya mkwe wangu, mimi akanipa mkeka karibu na moto, akaniuliza kama bado nakoroma kama zamani.

Uchungu ulikuja Ijumaa kunapambazuka. Mkwe wangu hakupiga kelele. Aliniita mara moja tu, "Mama," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, nikashika tumbo lake nikakuta limekuwa jiwe.

Mwanangu alikuwa amelala ndani ya gari. Hakujaribu hata ufunguo, betri aliiogopea. Tulimpandisha mkwe wangu kwa ile ngazi, tukamlaza kwenye benchi juu ya magodoro. Vijana wa kiwanda cha mbao hapo jirani walikuwa wanaota moto kabla ya kazi, wifi akawaita kwa majina ya ukoo wao na matusi ya utani, kwamba leo waonyeshe kama ule ugali wanaokula unakwenda kwenye mikono au kwenye makalio tu. Wakaja. Mwanangu akaniambia kwamba nafasi ni moja. Gari likifika darajani halijawaka, litakaa hapo chini, na hakuna watu wa kulirudisha juu.

Tukasukuma. Mimi na wifi tulikuwa upande mmoja, bega kwa bega, matope yanaturukia usoni. Gari liligoma, likanyanyuka kidogo, likarudi, halafu likatuponyoka. Sijawahi kuona kitu kibaya kama gari lisilo na sauti linavyoshuka mlima na mtu wako ndani. Lilikwenda bila mlio wowote, linayumba, mkia unapiga huku na huku, na mimi nimesimama na mikono yangu mitupu imenyooka mbele. Mwanangu akaachia klachi. Likajikwaa, likatoa pumzi moja, likaendelea kushuka kimya. Akaachia tena. Hakuna. Niliona magogo ya daraja. Nilianza kuomba, nikakuta maneno sina, nikawa nasema tu jina la mume wangu.

Moshi ulitoka mweusi kabla ya sauti. Kisha sauti ikaja, na gari likavuka daraja linanguruma, likaunganisha miguu yake minne likapanda upande wa pili kama halijawahi kuugua.

Likasimama huko juu linatungoja, mwanangu hakuthubutu kurudi. Ikabidi tukimbie. Vikongwe wawili tunashuka kwenye matope tumeshikana mikono. Wifi aliacha kiatu kimoja darajani. Nikamwambia arudi nyumbani, ameshatusaidia. Akaniambia, "Nirudi, uende peke yako, halafu uje kunisimulia koti la kaka yangu lilimfikisha wapi?" Akapanda.

Njiani mkwe wangu alikuwa anashika ule ukingo wa benchi na kufumba macho. Tulipofika Yakobi akasema kuna kitu kinaungua pale kwenye kovu. Nilimwona wifi anatoa rozari. Mimi si Mkatoliki, lakini nilishika upande wa pili wa ile rozari na sikuachia mpaka getini.

Wakampokea kwa kitanda cha magurudumu, wakakimbia naye. Muuguzi alirudi akatuambia maneno mawili. La kwanza, anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi. La pili, damu ya kundi lake ni kidogo, wanaitafuta, ikishindikana atapelekwa mbele, hospitali kubwa zaidi, na gari la wagonjwa limetoka na mgonjwa mwingine, kwa hiyo tusikae mbali na gari letu.

Mwanangu alikuwa ameliegesha uani na analiacha linaunguruma. Hospitali ile iko tambarare. Likizimwa hapo limezimwa. Mlinzi akaja, akasema tuzime, moshi unaingia wodini. Mwanangu akamweleza. Mlinzi hakuelewa, nani angeelewa, gari jema linalokimbia linaogopaje kuzimwa. Akapandisha sauti. Wifi, na mguu wake mmoja mtupu, akasimama mbele yake akamwambia mwana wetu kichaa chake ni hicho, amvumilie mpaka mkewe atoke. Mlinzi akatutazama, vikongwe wawili weusi wa matope, akakubali tulisogeze kule kwenye ukuta wa mwisho.

Tukangoja ndani ya gari. Mvua ikaja kubwa, ikapungua. Mshale wa mafuta ulikuwa unashuka. Mwanangu alikuwa anautazama na mimi nilikuwa namtazama yeye, na nilijua anachohesabu: mafuta yakiisha kabla muuguzi hajatoka, na muuguzi akitoka na lile neno la kumpeleka mbele, sisi tutakuwa na chuma kilichokufa uani. Akizima ayatunze, ni hivyo hivyo. Hakukuwa na upande wa kuegemea. Nilitaka kumlaani aliyetuuzia, nikakosa nguvu. Niliona tu yule mtoto wa kwenye kitenge, uzito wake, jinsi ulivyokuwa si kitu.

Muuguzi alipotoka, ni wifi aliyemfuata. Nikawaona wanaongea kwenye veranda. Wifi akashika nguzo. Nikasema basi.

Alirudi kwenye manyunyu akichechemea, uso umekunjamana, nikashindwa kuusoma. Alifika kwenye dirisha langu.

"Msichana," akasema. "Analia kama wewe unavyokoroma. Na mama yake damu imepatikana, wanamshona."

Nikageuka kumwambia mwanangu. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye usukani na mabega yanatikisika, amesikia. Injini ilikuwa bado inaunguruma chini yetu. Nikamwambia azime.

"Mama, halitawaka tena," akasema bila kuinua kichwa.

"Zima."

Mkono wake haukusogea. Nikapitisha wangu chini ya kwapa lake mpaka kwenye ufunguo. Sikuwahi kushika ufunguo wa gari. Ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani, nikauzungusha kwa vidole viwili, ukakataa, nikauzungusha kwa mkono mzima, injini ikanyamaza.